Upande Unaotujia

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, ukiipokea mlangoni utaisoma papo hapo umesimama, na lile goti lako halitaki mambo hayo. Goti lenyewe linaendeleaje? Dawa ya presha unameza, au bado unaificha chini ya mto na kumdanganya daktari? Na wale watoto wa jirani wanaokuita bibi bila kibali chako, wanakuachia walau usingizi wa mchana? Nisalimie wote hapo, mmoja mmoja, hata yule mpangaji wako asiyeitikia salamu. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, lakini nguo zinanikaa vizuri zaidi, basi sina la kulalamikia.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Nikikupigia simu, mdogo wako hukaa ubavuni mwangu anataka kujua dada amesema nini, na kabla sijamaliza salamu ameshainyakua. Unamjua Bisibisi wako. Tangu alivyofungua saa yako ya ukutani akiwa mtoto na kukuachia mishale yake mezani, ukambandika jina hilo, hajaacha kudandia kilicho mkononi mwa mwenzake. Kwa hiyo naandika saa hizi za mchana yeye akiwa amelala, na mlango wa chumbani nimeuegesha.

Tulipozungumza mara ya mwisho uliniuliza kama mdogo wako ni mzima, nami nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri, wifi. Jibu ndilo lilikuwa baya, na sikuweza kulitamka huku mwenyewe ananitazama mdomoni. Leo nakujibu. Niruhusu tu nianzie mbali, kwa sababu habari yenyewe ilinifikia kutoka mbali.

Unakumbuka ulivyonicheka siku niliyokueleza kazi yangu. Ulisema umeona watu wanaolipwa kwa kulinda, kwa kupika na hata kwa kupiga kelele sokoni, ila hujaona anayelipwa kwa kupima mwendo wa kitu ambacho hakionekani kikienda. Ukaniita Bibi Nyota, na jina likaganda. Haya, nisikilize tena, na safari hii usicheke, maana bila hili hutanielewa.

Galaksi ni nyota nyingi mno zilizokusanyika na kuzunguka pamoja, bapa kama sahani. Chukua sahani iweke mezani, uiname mpaka jicho lako liwe sawa na ukingo wake, kisha mwambie mtu aizungushe. Upande mmoja utakuwa unakujia, na wa pili unakwenda zake. Sisi hatutaishi kuiona galaksi ikizunguka hata kidogo tu, lakini mwanga wake unatuambia. Kwenye darubini yetu tunaupitisha katika mpasuo mwembamba uliolala kutoka ncha moja ya galaksi hadi ncha ya pili, tunautawanya uwe utepe wa rangi, na ndani ya utepe huo kuna mistari ambayo kila mmoja una mahali pake panapojulikana. Upande unaokuja, mistari yake husogea kidogo kuelekea buluu. Upande unaokwenda, husogea kuelekea nyekundu. Ndiyo maana mstari uliotakiwa kusimama wima unalala mshazari kwenye kompyuta, nami kazi yangu ni kupima umelala kiasi gani na umeelemea wapi. Ndio mshahara wangu huo, cheka basi.

Kuna neno moja sikukuambia siku ile. Hizi galaksi tunazozipima, zenyewe kwa ujumla zinatukimbia. Huo upande tunaosema unakuja, hauji kwa kweli. Unaondoka taratibu kuliko mwenzake, basi. Tunauita unaokuja kwa sababu tumeshautoa hesabuni mwendo wa galaksi nzima. Nimeifanya kazi hii nywele zikaanza kuota mvi, na neno hilo halikuwahi kunisumbua.

Mdogo wako ndiye anayetunza vyombo. Mimi napima, yeye anafungua na kufunga. Hapa kila mtu anamwita Fundi, hata Mkuu wetu, mtu ambaye hamwiti yeyote bila cheo. Ungemwona kazini ungejivuna. Akifungua kitu alikuwa anatandika kitambaa cheupe, anapanga skrubu juu yake kwa mfuatano ule ule zilivyotoka, na ole wako ukohoe karibu na kitambaa hicho. Akimaliza, kitambaa kilikuwa kitupu. Nilikuwa namtania kwamba angenipenda mimi kama anavyozipenda skrubu zake ningekuwa malkia, naye alikuwa ananijibu kwamba skrubu hazina mdomo.

Sasa, tunaye binti mmoja anayesomea shahada yake ya uzamivu hapa kwetu. Tunamwita Msomi, kwa sababu hata chai anakunywa na karatasi mkononi. Galaksi moja ndiyo aliyoichagua iwe kiini cha masomo yake. Mwaka wa kwanza tulipima mwendo wa gesi yake. Kisha kamera inayopokea mwanga ikateremshwa kusafishwa, mdogo wako akaisafisha na kuirudisha, na msimu uliofuata tukapima mwendo wa nyota za galaksi ile ile. Majibu yakatoka kwamba gesi inazunguka huku na nyota zinazunguka kule. Upande ambao gesi yake inakuja, nyota zake zinakwenda.

Si jambo lisilowezekana. Zipo galaksi chache za namna hiyo, na wanaozijua wanasema ziliwahi kumeza gesi ya jirani iliyoingia kwa kinyume. Lakini ni chache, na kuipata moja ni bahati ya mtu. Msomi alicheza kwenye korido na viatu mkononi. Mkuu wetu, ambaye tabasamu lake ni la kutafutwa, alimpa mkono na kumwambia sasa kazi imekuwa kazi. Wote walifurahi. Mimi niliiangalia ile picha nikapoa mwili mzima.

Nilipoa kwa sababu ya jambo ambalo nilikuwa nimelipita kama mtu anavyopita jiwe njiani. Tuna taa ya kupimia ambayo mistari yake tunaijua kama tunavyojua majina yetu. Kamera iliporudi kutoka kusafishwa, mistari ya taa ilitokea kinyume, nyekundu ikiwa mahali pa buluu. Programu yetu iliigeuza yenyewe bila kuniuliza. Jioni hiyo, tukila, nilimwuliza mwenzangu, akaniambia amebadili mpangilio wa nyaya, sasa kamera inasoma kuanzia mwisho. Jibu lilikuwa na maana, na aliyelitoa ni Fundi, na Fundi mwenyewe ni mume wangu. Nikaomba chumvi, tukaendelea kula.

Kumbe ipo njia nyingine ya mistari ya taa kugeuka vile vile: kamera ikifungwa kichwa chini. Rangi zitageuka, na taa itatusaidia kuzirudisha. Lakini hakuna taa inayoniambia ncha ipi ya galaksi iko juu na ipi iko chini, maana ncha zote mbili zinafanana kama mapacha. Upande unaokuja nitauandika kwamba unakwenda, na unaokwenda nitauandika kwamba unakuja, na nitaapa kwamba ndivyo. Gesi ilipimwa kabla ya kamera kuteremshwa. Nyota zilipimwa baada ya kurudishwa.

Utasema, wifi, mtu hawezi kuteleza siku moja akafunga kitu kichwa chini? Anaweza, wewe na mimi tunaweza. Ila kamera ile haikubali. Ubavuni ina pini ya chuma inayoingia katika tundu moja tu, na ukiigeuza inagoma. Aliyeitengeneza alijua kwamba binadamu wanachoka. Ili iingie kichwa chini lazima uishughulikie ile pini kwanza, na mtu mwenye akili zake hawezi kuishughulikia pini ile bila kujiuliza kwa nini inamkatalia.

Nadhani umeshaona nilipokuwa nimesimama. Siku ya msiba wa baba yenu ulinivuta chumbani ukafunga mlango, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mchunge mikono yake. Baba alianzia mikononi." Ukanieleza jinsi mzee, fundi cherehani aliyesifiwa mtaa mzima, alivyoanza kushona mikono ya mashati nyuma mbele na kugombana na wateja kwamba wao ndio hawajui kuvaa, na jinsi nyinyi watoto mlivyocheka mwanzoni. Na hakuwa mzee wakati huo. Alikuwa karibu na umri alio nao mdogo wako leo.

Kwa hiyo kwangu jambo lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulibeba. Kama galaksi ile kweli gesi na nyota zake zinapishana, basi kamera imefungwa vizuri na mume wangu ni mzima. Kama hazipishani, basi mume wangu anaondoka.

Kuifungua kamera na kuangalia haikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Imo ndani ya chombo kilichopozwa na kuzibwa hewa, na kukifungua ni kusimamisha kazi ya watu wote. Na kuomba kifunguliwe ni kumshitaki mume wangu mbele ya watu. Nikanyamaza. Ila Mkuu si mtu wa kukurupuka. Alisema kabla hatujatangaza lolote, tuipime upya ile gesi kwa kamera kama ilivyo sasa, kwa sababu gesi haiwezi kugeuza njia kwa mwaka mmoja. Ikitoka kama zamani, tunatangaza. Ikitoka kinyume, tumejidanganya. Lakini wakati huo galaksi ilikuwa imepita nyuma ya jua, ikabidi tungoje mpaka ijitokeze tena.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wifi. Nilisoma kila kilichoandikwa kuhusu galaksi za namna ile. Nikawa namletea Msomi karatasi mpya kila asubuhi, nikimwambia ona, na hii pia ni kinyume, na hii. Siku moja alinikumbatia akasema hajawahi kupata mtu anayeipenda kazi yake kiasi hicho. Nilimwacha aamini hivyo. Mimi niliiombea galaksi ile kama watu wanavyomwombea mgonjwa.

Nyumbani nako, nikawa na macho ambayo sikuyataka. Alifungua redio ya jikoni akaifunga, ikaimba, na siku ya kufua nikakuta skrubu mfukoni mwa suruali yake, amezificha. Alibadili bawaba za mlango wa bafu, mlango ukawa unafungukia nje na kumpiga anayepita. Nikamwuliza kulikoni, akacheka akasema nyumba imechoka, nami nikacheka, tukacheka wote wawili huku nimeshika paji la uso. Alinisimulia kisa cha yule mteja wa baba yenu aliyevaa shati nyuma mbele, tukala, akanisimulia tena. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi mawingu yale niliyaita moshi wa jirani.

Halafu kikaja kipindi kizuri. Sitaki kukudanganya, kilikuwa kizuri kweli. Alitengeneza pampu ya maji iliyowashinda mafundi wawili, kitambaa cheupe kikabaki kitupu. Alinunua viatu akanikumbuka na mimi. Usiku alinishika mkono akauliza kwa nini siku hizi namwangalia kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Nikasema moyoni, mume wangu anarudi. Na hapo ndipo lile neno la kazini lilipoanza kunitafuna. Nilijua kuna vitu vinaonekana vinakuja kwa sababu tu vimepunguza mwendo wa kuondoka.

Galaksi ikajitokeza. Wakaipima usiku wenye anga safi, na asubuhi mzigo ukawa mezani kwangu. Msomi alikuwa hajafika. Nilinawa mikono kama naenda kupika, nikakaa, nikafungua. Mstari wa gesi ulikuwa umelala mshazari vizuri, umekolea, hauna mashaka, na umelalia upande usio wake. Nikapima tena kwa mstari mwingine. Ukalalia huko huko. Nyota na gesi, kwa kamera moja, zilikuwa zinakwenda pamoja kama ng'ombe na mkia wake. Hapakuwa na ajabu yoyote katika galaksi ile, ni galaksi kama zilivyo nyingine zote.

Msomi aliingia na chai yake, akatazama juu ya bega langu, na hakuhitaji kuelezwa. Aliweka kikombe chini, kisha na yeye akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Alilia kwa kazi yake iliyopotea. Nami nikalia. Alinishika mguu akaniambia nisilie, ataanza upya, yeye bado kijana. Yaani mtoto wa watu alikuwa ananibembeleza mimi.

Mkuu aliamuru chombo kifunguliwe. Na anayefungua vyombo ni mmoja tu. Alikuja na kitambaa chake, akakitandika, akapanga skrubu zake kwa mfuatano, mimi na Mkuu na Msomi tumesimama karakanani mikono nyuma. Aliitoa kamera taratibu akaiweka mezani. Ilikuwa kichwa chini, hata mimi niliona. Aliigeuza akatafuta pini, na pini haikuwepo. Ilikuwa imekatwa sawasawa na bati, ikapigwa tupa, ikasuguliwa kwa msasa laini mpaka ikang'aa. Kazi safi, wifi. Hapa hakuna mwingine anayemaliza chuma namna ile, na ufunguo wa karakana hakuna mwingine aliyekuwa nao.

Alipitisha kidole gumba pale palipokuwa na pini. Akachukua kioo cha kukuzia, akaangalia. Uso wake ulibadilika, nikasema haya, amekumbuka, Mungu nisaidie. Hakukumbuka. Alikuwa amekasirika.

"Nani amefanya hivi?" akauliza. "Aliyekata pini hii asiguse chombo tena. Mkuu, mtafute umwondoe, atawaharibia kila kitu."

Mkuu aliangalia dari. Msomi alikuwa ameshaelewa, akageuza uso kwenye kabati la nati. Mimi nilisimama pale pale nikimtazama mume wangu anavyojihukumu kwa haki, bila upendeleo, kama alivyowahukumu wengine wote waliowahi kuharibu chombo. Mkuu akamshukuru, akamwambia atalishughulikia.

Baadaye Mkuu aliniita ofisini. Aliniambia Fundi atapumzika kwanza kwa likizo, na kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni mtu mwema na alimaanisha wema. Nilimshukuru kwa mdomo, na moyoni nikamjibu kwamba koleo halina shida, mhunzi ndiye anayevunjika. Kufuli la karakana likabadilishwa wiki hiyo hiyo. Mwenzangu aliujaribu ufunguo wake, akaujaribu tena, akaniambia kwa furaha kabisa kwamba ni hatua nzuri, sasa yule mharibifu hataingia.

Tulikwenda kwa daktari. Nilimwambia mwenzangu tunakwenda kupima macho, na kwa macho alikubali. Daktari alimwuliza hili na lile, akampa vitu vya kupanga, na mdogo wako alivipanga huku akimtania daktari kwamba meza yake inayumba. Vilipangwa vibaya. Daktari alinitoa nje akaniambia ni maradhi yale yale ya baba yake niliyomsimulia. Akasema kuna dawa ya kupunguza mwendo, ya kurudisha hakuna. Nilimwambia asante daktari, hayo ya mwendo nayafahamu.

Tangu hapo anaamka, anavaa vizuri, anataka kwenda kumtafuta aliyekata pini. Leo anamshuku mlinzi, kesho mfagizi. Nilikuwa nampoza kwa chai na maneno. Mpaka alipofikia kwa Msomi. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni, akili zake siku hiyo zimetulia kuliko siku nyingi, akanieleza hoja moja baada ya nyingine: kwamba binti alitaka kugundua ajabu, kwamba ajabu hiyo isingepatikana bila kamera kupinduliwa, kwamba anayefaidika ndiye. Hoja zilikuwa zimeshonwa vizuri. Akasimama akachukua koti, anakwenda kumwambia Mkuu amfukuze yule mtoto. Nikaona nikinyamaza hapa nitakuwa nimeua watu wawili. Nikamwambia, "Mume wangu, ni wewe."

Aliniomba nimweleze, nikamweleza. Pini, tupa, nyaya, redio, bawaba, daktari. Sikubakisha kitu. Alikuwa anatazama mikono yake, anaigeuza hivi na hivi, kama mtu anayekagua kilichorudishwa na fundi mwingine. Nilitegemea aniulize atabaki na muda gani. Hilo hakuliuliza. Aliuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana.

"Dada alimwogesha baba kwa mikono yake mpaka mwisho," akasema. "Usimwambie. Niapie."

Nikamwapia, wifi. Nilimshika mikono yote miwili nikamwapia kwamba kwa mdomo wangu hutasikia kamwe. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kesho yake asubuhi aliamka, akavaa vizuri, akaniuliza kama wamempata aliyekata pini.

Hakumbuki kwamba alijua. Hakumbuki kwamba aliniapisha. Kiapo kile nimebaki nacho peke yangu, na leo ndio nakivunja, kwa kalamu yangu mwenyewe, akiwa amelala chumba cha pili. Sijitetei. Daktari anataka kujua baba yenu alianza akiwa na umri gani hasa na alichukua muda gani mpaka asiweze kuwajua watu, na hayo unayajua wewe tu. Lakini hata kama daktari asingeuliza ningekuandikia. Nimechoka kuwa mtu pekee anayejua, na mficha maradhi kifo humuumbua. Unisamehe, na kama huwezi, unisamehe baadaye.

Usifunge safari. Najua umeshaanza kutafuta begi. Akikuona hapa bila sababu, siku ambayo akili zake zimekaa sawa, atajua nimesema, na itakuwa nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichokitaka akiwa mzima. Niandikie kuhusu baba, na barua uitume kwa anwani ya kazini, si ya nyumbani.

Nakuombea goti lipone na usingizi uje. Wasalimie watoto wa jirani, waambie wakuache ulale. Jumapili mdogo wako atakupigia kama kawaida yake. Atakuambia hajambo kabisa, kazi ziko vizuri, na kwamba kuna mtu amekata pini ya kamera na wanamtafuta. Msikilize mpaka mwisho. Muulize ni nani huyo mjinga, mcheke, mwite Bisibisi. Lia ukishakata simu. Kwake yeye wewe hujui kitu, wifi, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa ubavuni mwake nikikusikiliza unavyoweza.

Ni mimi wifi yako akupendaye,

Bibi Nyota